Majani Niliyompa Shangazi Saada

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, imenirudia tangu jana. Ulinijia umejaa furaha, ukaniambia umepata kazi ya kusafisha bustani ya hoteli kule ziwani, na mimi badala ya kukupongeza nikakuuliza majani utayapeleka wapi. Ukacheka. Ukasema majani ni majani tu, babu, tutayatupa popote. Basi keti. Sogeza kigoda, na hicho kikombe chako kiweke mahali ninapokiona.

Usikasirike. Mimi ni mtu wa kushuku, na hakuna aliyenifundisha. Muuza nyama akinipimia namwangalia kidole. Mtu akinisalimu mara mbili kwa siku moja najiuliza anataka nini kwangu. Marehemu bibi yako alikuwa akisema kwamba hata nikifika peponi nitasimama kwanza mlangoni nikague nani ameingia kabla yangu. Nakuambia mapema ili usidhani nasimulia habari za mtu mwingine.

Ilikuwa enzi za Wabelgiji, miaka kadhaa kabla ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Baba alikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi, lakini cherehani ilinishinda kwa sababu sikujua kukaa. Nikapewa unyapara wa wanaume kumi kusafisha bustani ya nyumba moja kubwa ya Mzungu, kando ya ziwa. Nyumba hiyo ilikuwa imekaa miaka bila mtu na bustani imegeuka pori. Mwenye nyumba mpya alikuwa yuko njiani kutoka Ulaya, na tuliambiwa akifika atataka kuona ziwa kutoka barazani. Wakati huo kutoka barazani ulikuwa huoni hata ngazi.

Kufyeka si kazi, mwanangu. Kazi inaanza ukishafyeka, pale unapogeuka nyuma na kuona chungu ya majani inayokuzidi urefu. Sisi wakati ule takataka za bustani zilikuwa na wenyewe hata kabla panga halijazigusa. Nyasi zilikuwa za wenye ng'ombe na mbuzi. Matawi manene yalikuwa ya akina mama wa kuni, ambao walikaa nje ya ukuta tangu asubuhi wakitusikiliza tunavyokata. Majani mapana walichukua wenye migomba wakatandaze chini ya mashina. Kitu kimoja tu tulikatazwa, kutupa ziwani, kwa sababu wavuvi nyavu zao zikishika matawi wangekuja wote na makasia kutuuliza.

Ndani ya bustani hiyo tulimkuta Mzee Gaspari. Alikuwa mtunza bustani wa Mzungu wa kwanza, Mkristo wa ukoo wa wavuvi wa hapo ufukweni, mtu mfupi mwenye maneno mafupi. Nyumba ilipobaki tupu yeye alibaki akilinda mlango. Alituachia tukate tunavyotaka, ila tulipofika kwenye ua mmoja mrefu wa vichaka alitusimamisha. Vilikuwa vichaka vizuri sana, majani membamba marefu, maua ya rangi ya waridi. Mzungu wa kwanza ndiye aliyevileta. Mzee Gaspari akafunga vitambaa mikononi, akasema atavikata mwenyewe. Alipomaliza aliniita.

"Hii majani hapana tupa," akasema. "Hapana choma, moshi yake iko mubaya. Munachimba shimo pale kwenye kona, munafukia yote."

"Kwa sababu gani, mzee?"

"Iko mubaya. Nimesema."

Akanionyesha ile kona, kando ya ukuta wa zamani. Mwanangu, unaijua ardhi yetu hii. Volkano ilitutapikia mawe, na udongo tumewekewa juu kidogo kwa ajili ya heshima. Kuchimba shimo la kuzika ua mzima ni siku mbili za sururu na mtaimbo. Nami nikaanza kumshuku pale pale.

Kila mtu mjini alikuwa anajua kwamba Wadachi, yaani Wajerumani, walipokimbia vita ile ya kwanza walifukia mali zao. Hakuna aliyewahi kuziona, lakini hakuna aliyewahi kuzikanusha. Na mimi nikajumlisha. Kwa nini mzee achague kona ile, penye ukuta wa zamani? Kwa nini afunge mikono vitambaa, kwani maua yanauma? Kwa nini tukatazwe kuchoma, wakati kila mtu huchoma? Nikajiambia mzee huyu anajua kuna kitu chini, anataka tumchimbie kwa jasho letu, halafu sisi tukienda zetu afukue lake. Niliona aibu kwa niaba yake, mtu mzima na mvi zake.

Nikamwitikia vizuri, ndiyo mzee, tutachimba. Sikuchimba. Aliposhuka ufukweni kwa ndugu zake niliwaambia wanaume wangu wayachanganye yale matawi na nyasi. Yakakaa juani siku mbili, yakanyauka, na maua yakaanguka. Ukiyatazama huwezi kuyatofautisha na majani mengine. Kumbuka hilo neno, yalinyauka, maana baadaye Mzee Gaspari alinieleza kwamba yakiwa mabichi mbuzi huyanusa akayaacha, lakini yakishakauka kidogo huyala bila wasiwasi.

Siku ya tatu akaja Shangazi Saada, dada yake baba, kuomba majani ya mbuzi.

Alikuwa mjane, anakaa Nengo, na alikuwa na mbuzi wanne aliowapenda hadi tukamtania kwamba ameolewa nao. Mavazi yake, chumvi yake, sukari ya mfungo, vyote vilitoka kwa mbuzi hao. Katika chumba cha uani alimkaribisha mpangaji, mama mmoja wa Bugeshi aliyeitwa Nyirakamana. Mume wa Nyirakamana alikuwa amekufa, mtoto hakupata, akashuka huku kwetu kuuza viazi sokoni. Mmoja Mwislamu, mmoja Mkristo, lakini ungewakuta jioni wamekaa mkeka mmoja wakimenya viazi na kuwasengenya wapita njia. Maganda ya viazi Nyirakamana alikuwa akiwapa mbuzi, kila asubuhi kabla ya kwenda soko.

Nilimpa shangazi mizigo miwili mikubwa. Niliifunga mwenyewe kwa mikono hii, nikamtwika mmoja, na mwingine nikambebea hadi nyumbani. Njia nzima aliniombea dua. Alisema baba yako amezaa, kijana anayemkumbuka mjane Mungu hamsahau. Nami nilitembea nimevimba kichwa.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kelele kutoka kwake. Nilifika nikakuta mbuzi wawili wamelala miguu imenyooka, wa tatu anatetemeka na povu mdomoni. Akafa tunamtazama. Aliyebaki alikuwa jike mweupe mmoja mkorofi, aliyefungwa peke yake upande wa pili kwa sababu aliwapiga wenzake pembe. Shangazi alikuwa amekaa chini, khanga imeanguka begani, anawaita wale waliokufa kwa majina.

Majirani walijaa uani. Walikuwepo Waislamu na Wakristo, na asubuhi ile wote walikuwa dini moja. Hapa kwetu mbuzi watatu hawafi pamoja kwa ugonjwa, mwanangu. Kila aliyesimama pale alikuwa na neno moja mdomoni na anamngoja mwenzake alitoe. Wewe unajua neno lenyewe. Ndilo linalofanya, mtu akikukaribisha kinywaji, aonje yeye kwanza mbele yako, ili uone hakuna kitu ndani.

Nikalitoa mimi. Tena sikutaja jina la mtu, na kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo. Niliuliza swali tu.

"Asubuhi hii nani amewapa chakula?"

Watu wote wakageuka kutazama mlango wa chumba cha uani. Nyirakamana alikuwa amesimama hapo, beseni la maganda bado liko mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Si ni mimi kila siku? Saada, si unajua?"

Shangazi hakujibu. Aliangalia chini. Nyirakamana akasubiri ajibiwe, akatazama uso mmoja baada ya mwingine, kisha akachota maganda kwenye beseni, mabichi, yenye udongo, akayatia mdomoni. Akatafuna mbele yetu. Akachota tena. Udongo ulimtoka pembeni mwa midomo na hakuupangusa.

"Muone," akasema. "Nimekula. Nikufe basi."

Hapo ningepaswa kunyamaza, hata mimi. Lakini mtu wa kushuku hakosi jibu. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mwenye sumu hakosi dawa yake."

Mwanangu, nimeishi muda mrefu na nimesema maneno mengi ya kijinga, lakini hilo ndilo ambalo ningelipa chochote nilirudishe mdomoni. Nyirakamana aliweka beseni chini polepole. Aliingia chumbani, akakunja mkeka wake, akatia sufuria na nguo mbili kwenye kikapu, akatoka. Kwetu hata mgeni aliyekuchosha unamsindikiza mpaka njiani. Yeye alipita katikati yetu, tukampisha tukirudi nyuma asitugusie nguo, na hakuna hata mmoja aliyepiga hatua naye. Shangazi Saada alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango.

Siku ya pili yake nikarudi kazini, nimelala vizuri kabisa. Nilimkuta Mzee Gaspari anazunguka ile chungu ya majani, anaifunuafunua kwa fimbo.

"Shimo iko wapi?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Mawe mengi."

"Bon, sawa. Na ile majani ya mi nilikata, iko wapi?"

Nikamjibu bila wasiwasi. "Nimempa shangazi yangu, ya mbuzi. Kwa nini yaoze bure?"

Mzee alikaa chini pale pale juu ya nyasi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mbuzi iko muzima?"

Hapo ndipo nilipojua, mwanangu. Hakuna aliyenieleza chochote. Nikamwambia wamekufa watatu. Nikamwambia pia yaliyofuata, yule mama, maganda, mpaka neno langu la mwisho, kwa sababu alikuwa amenikazia macho na nisingeweza kuruka hata kipande.

"Nilikuambia iko mubaya," akasema. "Mi sijui kusema mingi. Muzungu wa kwanza, ng'ombe yake mbili ilikufa kwa hii muti, ndiyo maana alifunga ua na seng'enge. We uliwaza nini?"

Nilimwambia kuhusu mali ya Wadachi. Nilitamani acheke, na hakucheka.

"We kijana, unaangalia mikono ya watu wote. Yangu umeangalia. Ya ule mama umeangalia. Ya kwako hata siku moja." Halafu akauliza, "Majani yote ilikwisha?"

Mzigo wa pili ulikuwa bado umesimama ukutani kwa shangazi. Sikumuaga. Nilikimbia kutoka ziwani mpaka Nengo, watu njiani wakidhani nimeiba. Nilikuta yule jike mweupe ameshafungiwa konzi la majani kwenye uzio na jani moja jembamba linaning'inia mdomoni mwake. Nilimkaba taya, nikamtia vidole, nikalitoa, na yeye akanipiga pembe pajani. Shangazi akatoka.

"We unamufanya nini mbuzi yangu?"

"Majani yameoza, shangazi. Nitakuletea mengine."

Nilimdanganya, mwanangu. Hata pale. Lakini shangazi ni damu yetu, na yeye alijua kushuku. Akatazama majani, akatazama jasho langu, akatazama ule mzigo ambao nilikuwa nimeshauweka mgongoni.

"Apa," akasema. "Apa kwa Mungu yameoza."

Sikuweza kuapa. Nikamwambia yote nimesimama, mzigo uko mgongoni. Nilitegemea atanipiga. Aliketi kwenye kizingiti cha kile chumba cha uani, mlango uko wazi na ndani hakuna kitu, akalia kilio tofauti na kile cha mbuzi. Alisema, "Aliniita mbele ya watu. Alisema Saada, si unajua. Na mimi nilikuwa najua." Alirudia hivyo mara nyingi.

Kisha akafungua kamba ya yule jike mweupe akaniwekea mkononi. Akaniambia kesho nipande Bugeshi, nimpe Nyirakamana mbuzi huyo kwa mikono miwili, nimwombe arudi. Na kabla ya kwenda niseme ukweli kila nyumba iliyokuwa na mtu uani siku ile.

Nilipita nyumba kwa nyumba. Halafu nikarudi na ule mzigo kwa Mzee Gaspari, nikachimba shimo peke yangu hadi jua linazama. Nilikuta jiwe, na chini ya jiwe nikakuta jiwe. Wadachi hawakuacha hata msumari. Mzee alisimama juu akinitazama, na kila tawi nililolitia alilihesabu kwa macho.

Alfajiri nikashika njia ya Bugeshi. Unapanda, baridi inakupokea, volkano zimekaa mbele yako, kulia na kushoto ni viazi. Mbuzi alinisumbua njia nzima na nilimwacha anisumbue. Nilimkuta Nyirakamana kwa kaka yake, anapalilia. Hakukimbia wala hakunifukuza. Alinawa mikono, akanikaribisha ndani, akaleta kivuguto, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu.

Nilidhani ataonja kidogo, kama desturi. Aliinua kibuyu akanywa. Akaendelea kunywa, ananitazama juu ya ukingo, koo linapanda na kushuka, mpaka maziwa yakafika nusu. Ndipo akanipa. Nilitaka kumwambia mama, haikuwa lazima, lakini nikakipokea kwa mikono miwili. Nikanywa nikilia, na maziwa yakawa na chumvi.

Nilipomaliza nilipiga magoti nikaomba msamaha. Alinisamehe haraka, mwanangu, haraka kiasi cha kuniumiza. Nikamwambia shangazi anamwomba arudi, chumba ni chake. Nikamkabidhi kamba ya mbuzi kwa mikono miwili.

Akaniachia kamba mkononi.

"Saada mumwambie namusalimu sana. Siko na kisirani na yeye. Lakini kurudi, hapana. Watu watakuwa wananiangalia mikono kila siku." Akamkuna yule mbuzi kichwani, maana walikuwa wanajuana. "Na huyu murudishe, mwana wangu. Leo umenipa. Kesho akikufia hapa kwangu, watasema ni mimi."

Alikuwa anasema kweli. Akainuka akanisindikiza. Alitembea nami mpaka panapoachana njia, yeye ambaye tulimwacha aondoke peke yake, na hapo akaniambia niende salama na nimshike mbuzi vizuri kwenye mteremko.

Hakurudi. Shangazi alipanda kumwona mara kadhaa, wakakaa, wakacheka, na kila mara akashuka peke yake. Chumba kile kikawekwa kuni. Na sikiliza jambo linaloniuma zaidi. Miaka mingi baadaye, kwenye harusi, mwanamke mmoja wa Nengo aliyesikia ukweli kutoka mdomoni mwangu mwenyewe aliniambia, "Yale ya majani tuliyasikia. Lakini yule mama naye, hapana, alikuwa na kitu." Nilitema shaka siku moja, na nikashindwa kuizoa maisha yangu yote.

Basi, mwanangu, kesho unaanza kazi. Kila kichaka usichokijua, muulize aliyekipanda kabla hujauliza kingine. Mzee akikuambia kitu ni kibaya, hata akikosa maneno ya kukueleza, chimba shimo kwanza, uulize baadaye. Majani ya kumpa mjane yapekue kwa vidole vyako, jani kwa jani. Na kushuku sikukatazi, ningekuwa mnafiki. Shuku, ila anza na ulichokibeba wewe, ulichokifunga wewe, ulichokitoa ukasifiwa. Ukimaliza hapo na bado una hamu ya kumshuku mtu, mwite pembeni umuulize ana kwa ana, usiulize swali katikati ya watu. Na akikuita kwa jina mbele yao, mjibu.

Mimi tangu siku ile ya kivuguto sijamngoja mtu yeyote anionjee. Anayenikaribisha napokea na kunywa kwanza. Sikudanganyi, moyoni natetemeka kila mara. Lakini nakunywa.

Haya, lete hicho kikombe chako ninywe. Mungu akupe kazi yenye kheri, akupe udongo usio na mawe, akulindie mikono isimdhuru mtu bila wewe kujua. Na ukimdhuru, akuwahishe kujua angali yuko karibu. Amina. Sasa inuka, uninyanyue na mimi, nikusindikize mpaka njiani.